Kaisari Mtoro na Kalamu ya Hakimu

Siku hizi neno mtoro tunalisikia zaidi shuleni: mtoro ni mtoto aliyekwepa darasa akenda zake kuogelea pwani. Wazee wetu walikuwa na maana nyingine. Kwao mtoro alikuwa mtumwa aliyelikimbia shamba la bwana wake akaingia mwituni. Na huko bara, nyuma ya Malindi na Mombasa, katika karne ya 19 watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo, wakavilinda kwa silaha. Neno hilo limebeba lawama na sifa kwa pamoja, yategemea ni nani anayelitamka. Nimelichagua kwa makusudi liwe lakabu ya mtu ninayetaka kumweleza hapa, ingawa yeye hakukimbia shamba la minazi wala la karafuu. Alikuwa mfungwa wa serikali ya Uingereza, mtu mweusi, aliyefikishwa Australia kwa minyororo mwaka 1788, akatoroka mara nne, akauawa kwa risasi tarehe 15 Februari 1796. Madaftari ya serikali yanamwita John Caesar. Wenziwe walimwita Black Caesar, yaani Kaisari Mweusi.

Habari zake si haba. Mfungwa wa kawaida wa zama zile huacha nyuma yake mistari miwili au mitatu tu: jina, kosa, miaka ya kifungo, na pengine siku ya kufa. Kaisari ameacha zaidi ya hayo, na sababu ni kwamba aliwasumbua sana wakubwa. Lakini takriban yote tunayoyajua yametoka katika kalamu moja, kalamu ya David Collins, ambaye alikuwa mwanasheria mkuu wa koloni na ndiye aliyekuwa akiongoza mahakama ya jinai, yeye pamoja na maofisa sita wa jeshi, bila ya wazee wa baraza wala wakili. Hakimu huyohuyo alikuwa pia katibu wa gavana, na hakimu huyohuyo ndiye aliyeandika tarehe ya koloni, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1798. Kwa hivyo mtu aliyemhukumu Kaisari alipokuwa hai ndiye aliyemhukumu tena alipokwisha kufa, na hukumu ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza, kwani humo kitabuni alimweka hatua moja tu juu ya mnyama.

Hata hivyo kalamu ina tabia ya kumponyoka mwenyewe. Katika kurasa zile, zaidi ya mara moja, hakimu amejisahau akatuandikia maneno ya mtuhumiwa wake. Ni maneno machache mno, nayo yamepita katika mdomo wa adui kabla ya kutufikia. Sisi wa pwani hatuoni ajabu. Tumezoea kuyapokea mengi ya wazee wetu kutoka katika madaftari ya maliwali, mapadri na makapteni, tukayachambua kama mchele wenye mawe.

Tuanze na jina. Caesar si jina la ukoo wa Kiafrika wala si la ubatizo wa kawaida wa Kiingereza. Mabwana wa watumwa katika visiwa vya West Indies na katika makoloni ya Amerika walikuwa na mchezo wa kuwapa watumwa wao majina ya wakubwa wa Roma ya kale: Pompey, Cato, Scipio, Caesar. Ilikuwa dhihaka ya watu waliosoma, kumpa jina la mfalme yule anayebeba maji ya kuogea. Wala tusijifanye watakatifu, maana huku kwetu nako mtumwa aliitwa Mabruki, Feruzi au Almasi, baraka na vito vya thamani, na jina lake la kwao likaachwa kule alikotoka. Jina la kwanza la Kaisari halikuandikwa popote.

Na kwao kulikuwa wapi? Inakisiwa kwamba alizaliwa mnamo 1763. Wengine wametaja Bukini, yaani Madagascar, wengine wametaja West Indies, na wanahistoria wa karibuni, hasa Cassandra Pybus katika kitabu chake cha 2006 juu ya weusi wa mwanzo wa Australia, wameelekeza macho Amerika. Msomaji wa visiwani atatamani iwe Bukini, na mimi nakiri kwamba ndipo moyo wangu unapoelemea. Katika karne ile watu wa Bukini walichukuliwa kwa maelfu kupelekwa Mauritius, Bourbon na Rasi ya Tumaini Jema, na baadhi yao walivuka hata Atlantiki. Lakini matamanio si ushahidi, na hoja ya Amerika ina nguvu zake. Vita vya Amerika vilipokwisha mwaka 1783, weusi wengi waliokuwa wamekimbilia upande wa Waingereza kwa ahadi ya uhuru walijikuta London, hawana kazi, hawana jamaa, wala hawana haki ya kusaidiwa na parokia. Njaa ikawafanya ombaomba, na baadhi yao wezi. Mwanzoni mwa 1787 bandari ya Portsmouth ilishuhudia kitu ambacho mshairi angeogopa kukitunga, asije akaambiwa amezidisha chumvi. Merikebu za kuwachukua masikini weusi wa London kwenda kuanzisha makazi ya Sierra Leone zilikuwapo katika maji yale, na katika miezi ileile zilikusanyika hapo merikebu za kuwachukua wafungwa kwenda Australia, na miongoni mwa wafungwa hao walikuwamo weusi wasiopungua kumi.

Mmoja wao alikuwa Kaisari. Alikuwa mtumishi katika Deptford, kitongoji cha mabaharia kando ya mto Thames. Tarehe 17 Machi 1786 alisimamishwa mbele ya mahakama ya Maidstone, katika jimbo la Kent, kwa kuiba pauni 12 na shilingi 4. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa mtumishi. Akahukumiwa kupelekwa ng'ambo ya bahari kwa miaka saba. Hukumu yenyewe wakati ule haikuwa na mahali, kwa maana Amerika, iliyokuwa imepokea wafungwa wa Kiingereza wapatao 50,000, ilikuwa imefunga mlango tangu vita vilipoanza, na serikali ilikuwa ikiwarundika watu katika merikebu kuukuu zilizong'olewa milingoti na kugeuzwa magereza. Mwaka huohuo wa 1786 ikaamuliwa wapelekwe Botany Bay, pwani ambayo Kapteni Cook aliiona mara moja tu, mwaka 1770.

Merikebu 11 ziling'oa nanga tarehe 13 Mei 1787. Kaisari alipakiwa katika Alexander, iliyokuwa kubwa kuliko zote za wafungwa na yenye sifa mbaya kuliko zote. Watu walianza kufa humo hata kabla haijaondoka bandarini. Njiani, yasemwa na daktari wa msafara, maji machafu ya ngamani yalipanda na kuoza hata uvundo wake ukageuza vifungo vya makoti ya maofisa kuwa vyeusi. Na maofisa walikaa juu, wafungwa walikaa chini. Safari ilipitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, kisha ikaelekea mashariki, mbali sana kusini, ikaukata upande wa chini wa bahari yetu hii ya Hindi ambako pepo za magharibi hazipumziki. Ikiwa kweli alizaliwa Bukini, basi alipita kusini ya kisiwa chake, amefungwa, na hakuna aliyemwambia. Tarehe 26 Januari 1788 msafara ukatia nanga katika Sydney Cove.

Kuhusu makazi yale ya kwanza yako mengi ya kueleza, nami nitayapita, isipokuwa jambo moja ambalo bila ya hilo maisha ya Kaisari hayafahamiki. Jambo hilo ni njaa. Mbegu zilikuwa mbovu, ardhi ya pale bandarini haikuwa na rutuba, wakulima halisi miongoni mwa wafungwa walikuwa wachache, na chakula cha ghalani kilikuwa nyama ya chumvi na unga uliosafiri nusu ya dunia. Mwezi mmoja tu baada ya kutua, mfungwa Thomas Barrett alinyongwa kwa kuiba chakula cha serikali. Mwezi Machi 1789 walinyongwa askari sita, walinzi wenyewe wa ghala, kwa kosa hilohilo. Posho ilipimwa kwa mizani, na kila mwanamume mfungwa alipata sawa na mwenziwe, awe mrefu au mfupi, awe mkata magogo au mgonjwa.

Hapa Collins anatupa habari mbili, na inafaa zisomwe pamoja ingawa yeye hakuziunganisha. Anasema Kaisari alikuwa na umbile kubwa lenye misuli, na kwamba alisifika kuwa ndiye mchapakazi kuliko wafungwa wote wa koloni. Kisha anasema alikuwa mlafi asiyeshiba, aliyeweza kumaliza kwa siku moja posho ya siku mbili, na kwamba kwa ajili ya tumbo lake aliwaibia wenziwe. Hakimu aliona humo tabia ya mnyama. Nokoa yeyote wa shamba la karafuu angemweleza kwamba mtu anayefanya kazi ya watu wawili hula chakula cha watu wawili, na kwamba asipopewa atakitafuta.

Tarehe 29 Aprili 1789 Kaisari alihukumiwa kwa wizi, akaongezewa kifungo; safari hii kikawa cha maisha. Haukupita muda ila kama wiki mbili akaingia mwituni na chakula kidogo, chungu cha chuma, na gobore la askari mmoja. Mwitu aliouingia ulikuwa na msiba wake. Mwezi ule wa Aprili ndui ilikuwa imewashukia wenyeji wa nchi, watu ambao hawakuwa na kinga wala dawa yake, na maiti zilikutwa zimelala katika mapango na kando ya vijito. Mtoro wetu hakukuta huko vijiji vya kumpokea. Akawa anajongea usiku kandokando ya makazi aliyoyakimbia, akinyakua chakula hapa na pale, mpaka usiku wa tarehe 6 Juni alipokamatwa akijaribu kuiba katika nyumba ya msaidizi wa mweka ghala. Aliyemkamata alikuwa mfungwa kama yeye.

Sasa lifuatalo ni neno lake la kwanza. Akiwa mahabusu, akitarajia kitanzi, Kaisari alisema kwamba wakimnyonga atawachekesha watu kabla hajaning'inia, kwa kumfanyia mnyongaji mzaha. Collins aliona katika maneno hayo ushahidi kwamba mtu huyu hana akili ya kuogopa mauti. Lakini angalieni matokeo. Wakubwa walikaa wakafikiri: kunyonga kumewekwa ili watu waogope, je, atakayenyongwa akiwachekesha, itabaki hofu gani? Mfano haungefaa. Gavana Arthur Phillip akaamua asinyongwe, apelekwe kisiwani Garden Island kufanya kazi kwa pingu, na juu ya posho yake apewe mboga za bustani ya huko. Kwa hivyo mzaha ambao haukupata kufanywa ulimwokolea shingo, na ukampatia mboga! Nimesoma habari hii mara nyingi na bado sijui kama Kaisari alisema kwa ujinga, kwa ukaidi au kwa hesabu. Ninalolijua ni kwamba watu wa kejeli hapa kwetu, wale wa mashairi ya kujibizana, wangeitambua mara moja silaha hiyo. Mnyonge asiye na kitu cha kumtishia mkubwa humtishia kwa kicheko cha watu.

Garden Island ilikuwa shamba la mboga la mabaharia wa merikebu ya kivita Sirius. Alikaa huko miezi kadhaa, akawa na mwenendo mzuri hata akafunguliwa minyororo. Posho ya koloni zima ilikuwa imepunguzwa mwezi Novemba 1789, kila mtu akapata theluthi mbili tu. Tarehe 22 Desemba akachukua mtumbwi na chakula cha wiki moja akaondoka, na baadaye akajipatia gobore jingine.

Kipindi hiki hakimpambi, na sitakipamba. Kwa mujibu wa yale aliyoyasimulia mwenyewe baada ya kurudi, na yakaandikwa, alikuwa akiwavizia wenyeji walipokaa kwenye moto wakipika, akajitokeza kwa ghafla na bunduki yake, wakakimbia, naye akala chakula chao. Hao ndio watu waliokuwa wametoka kuzika nusu ya jamaa zao. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alikuwa sasa ananyang'anya, na aliyemnyang'anya hakuwa yule aliyemdhulumu. Bunduki ilipompotea, wenyeji wakampa jibu lake. Mwishoni mwa Januari 1790 aliibuka Rose Hill, ambapo leo ni Parramatta, ana majeraha ya mikuki mwilini, akajisalimisha.

Neno lake la pili alilisema hapo, mbele ya gavana. Alidai kwamba amewaona ng'ombe wa koloni waliopotea, wako mikononi mwa wenyeji, na kwamba majeraha yale aliyapata alipojaribu kuwaswaga awarudishe. Hadithi ilichaguliwa vizuri. Ng'ombe wale, madume mawili na majike wachache, walikuwa wamepotea tangu Juni 1788 kwa uzembe wa mchungaji, na hapakuwa na hasara iliyowauma wakubwa kama ile. Mtu mwenye njaa akiota, huota maziwa. Hawakumsadiki. Collins ameandika kwamba alizua uwongo ili kupunguza adhabu.

Na yumkini ulikuwa uwongo. Lakini mwaka 1795 wawindaji walileta habari kwamba ng'ombe wako hai, mbali kusini-magharibi, ng'ambo ya mto Nepean, na mwezi Novemba Gavana John Hunter mwenyewe alikwenda kuwatazama. Walikuwa wamezaana wakapita 60, wamenona, katika malisho mazuri kuliko yoyote ambayo Waingereza walikuwa wameyaona katika nchi ile. Mahali pale pakaitwa Cowpastures, Malisho ya Ng'ombe. Sisemi kwamba Kaisari aliwaona kweli; kutoka alikojificha mpaka huko ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye njaa na mikuki nyuma yake. Nasema tu kwamba kati ya watu wote wa koloni, ni yeye aliyesema wazi mbele ya gavana, zaidi ya miaka mitano kabla, kwamba ng'ombe hawakufa. Hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba kuna mtu aliyekumbuka kumwambia.

Mwezi Machi 1790 akapelekwa kisiwa cha Norfolk, zaidi ya kilomita 1,500 baharini, pamoja na kundi kubwa la wafungwa na askari waliohamishwa ili kupunguza midomo Sydney. Merikebu Sirius iliyosafiri katika msafara huo ikavunjika kwenye miamba ya Norfolk tarehe 19 Machi, na watu wa kisiwani wakaokolewa na ndege. Walikuwa ndege wa baharini waliokuja kutaga katika mashimo ya mlima Pitt, wajinga wa binadamu, wakikamatwa kwa mkono. Kati ya Aprili na Julai waliliwa zaidi ya 150,000. Ndege wale walichinjwa hata wakaisha kabisa katika kisiwa kile.

Miaka ya Norfolk Collins ameipita haraka, na naona sababu: mtu wake hakutoroka. Kufikia Julai 1791 Kaisari alikuwa analima kipande cha ardhi pale Queenborough, anajilisha, na amepewa nguruwe wa kufuga. Mwezi Januari 1792 akapewa ekari moja, kwa sharti la kuifanyia serikali kazi siku tatu kwa wiki. Alikuwa anaishi na mwanamke mfungwa, Ann Poore, na tarehe 4 Machi 1792 wakapata binti, Mary-Ann. Mtu yuleyule, tumbo lilelile, mikono ileile. Tofauti ilikuwa ekari moja na nguruwe. Ikiwa nitaombwa niseme ni lini hasa maisha haya yaliharibiwa, sitataja Maidstone wala Alexander. Nitataja mwaka 1793, alipotakiwa kurudi Sydney, akapakiwa katika merikebu Kitty, akamwacha Ann na mtoto wa mwaka mmoja kisiwani.

Julai 1794 alitoroka tena. Akakamatwa, akapigwa mijeledi kwa ukali mwingi. Hapo ndipo alipotamka neno lake la tatu, nalo Collins anasema lilitoka kwa majivuno na dharau: yote hayo, alisema Kaisari, hayatamfanya awe mtu bora. Hakimu aliliandika kama ushahidi wa usugu. Mimi sioni usugu humo. Naona ripoti. Alikuwa ametiwa pingu, amepewa kifungo cha maisha, amechapwa, naye akatoa taarifa ya kweli ya matokeo, kwa sentensi moja, kwa watu waliokuwa na haja ya kuisikia. Mijeledi ya Australia iliendelea kwa miongo mingi baada yake, na merikebu ya mwisho ya wafungwa haikufika ila mwaka 1868, ilipokwisha kupelekwa huko jumla ya watu zaidi ya 160,000.

Mwaka wake wa mwisho umebeba tukio moja la kustaajabisha. Mwishoni mwa 1795, huko Botany Bay, Kaisari alipambana na Pemulwuy, mpiganaji wa Wabidjigal aliyekuwa ameongoza upinzani dhidi ya walowezi, mtu ambaye Waingereza walimwogopa kuliko mwenyeji mwingine yeyote. Kaisari akampasua kichwa. Sydney zikafika habari kwamba Pemulwuy amekufa, na huo ndio wakati pekee ambao wakubwa walikaribia kumsifu mfungwa wao. Pemulwuy hakufa, alipona akapigana mpaka 1802, alipouawa kwa risasi na kichwa chake kikatiwa katika kinywaji kikali na kupelekwa Uingereza. Nimejaribu kuiwaza siku ile ya Botany Bay nikashindwa kuamua nisimame upande gani. Weusi wawili, mmoja ameporwa nchi, mwingine ameporwa nafsi yake, wanavunjana vichwa kwenye ufuo ambao wa tatu ameshauandika kuwa ni wake.

Ikiwa Kaisari alitazamia kwamba tendo lile litamnunulia kitu, hakukipata. Mwezi Desemba 1795 aliingia mwituni kwa mara ya nne, na safari hii hakuwa peke yake. Watoro wengine walimfuata, na kwa sababu hiyo Waaustralia wa baadaye wamemhesabu kuwa wa kwanza katika ukoo mrefu wa majambazi wa mwituni ambao nyimbo zao wanazipenda sana, ingawa wale wanaoimbwa ni weupe. Mwenziwe wa Alexander, John Randall, mtu mweusi aliyetoka Connecticut, alipewa bunduki na serikali awinde nyama kwa ajili ya meza za maofisa, na baadaye akapewa shamba. Wawili hao walitoka katika merikebu moja na wakabeba silaha ya aina moja. Mmoja aliibeba kwa idhini.

Tarehe 29 Januari 1796 Gavana Hunter alitoa amri. Atakayemkamata Kaisari na kumleta pamoja na silaha zake atalipwa galoni 5 za pombe kali, na atakayempa baruti atahesabiwa mshirika wake. Msomaji asidhani kuwa malipo hayo ni ya mzaha. Koloni ile haikuwa na sarafu za kutosha. Pombe ndiyo iliyokuwa fedha, maofisa wa jeshi ndio walioshika biashara yake, na vibarua walilipwa, ardhi ikauzwa, na madeni yakakatwa kwa kipimo cha chupa. Galoni 5 ni kama lita 20. Ndiyo bei iliyowekwa.

Mtu aitwaye John Wimbow, pamoja na mwenziwe mmoja, akamfuatia mpaka akagundua maficho yake karibu na Liberty Plains, Nyanda za Uhuru, ambako walowezi huru wa kwanza walikuwa wamepewa mashamba tangu 1793. Siku hizi ni vitongoji vya Sydney, na si mbali na hapo ndipo ilipofanyika Michezo ya Olimpiki ya 2000. Walijibanza siku nzima ya tarehe 15 Februari. Jua lilipokaribia kuzama Kaisari akatoka kichakani, akatazama huku na huku, na alipomwona Wimbow akainua gobore lake. Wimbow akawahi kufyatua.

Hakufa papo hapo. Walimchukua mpaka katika kibanda cha mlowezi Thomas Rose, na huko akaishi saa chache. Kama alisema neno la nne, halikuandikwa. Mary-Ann, kule Norfolk, alikuwa amebakiza siku 18 kutimiza miaka minne.